Mtu Aliyeosha Kikombe

Kabla hujamwuliza mtu swali lolote, zima friji yake. Najua mnacheka. Mmetoka vyuoni na vinasa sauti vidogo kuliko kiberiti, na mnaniambia siku hizi kompyuta inaondoa mngurumo yenyewe. Haya, sawa. Lakini mimi nimekaa kwenye majiko ya watu wa Birmingham miaka mingi nikirekodi maisha yao, kutoka Erdington hadi Longbridge, na nawaambia kwamba friji husubiri mtu afike pale sauti inapoanza kumtetemeka, ndipo nayo ianze kunguruma. Izime. Kisha weka funguo zako za nyumba ndani yake, juu ya maziwa, ili usiondoke bila kuiwasha. Ujanja huo alinifundisha Doreen, na yeye aliujua baada ya kumwozeshea samaki wa Krismasi bibi mmoja ambaye hakuwa mwepesi wa kusamehe.

Doreen alikuwa mkubwa wangu wa kazi kwenye nyumba ya kumbukumbu za sauti, ghorofa ya juu kabisa, katikati ya mji, lifti mbovu siku zote. Kabla ya hapo alikuwa mkaguzi wa milango ya magari kule Longbridge, enzi kiwanda kingali kinatoa magari. Kazi yake ilikuwa kufunga mlango na kusikiliza. Aliniambia mlango uliokaa vizuri hutoa sauti moja tu, na uliokaa vibaya hutoa sauti mbili hata kama kwa macho huoni kasoro. Akaja kwenye kazi ya kusikiliza watu na sikio lilelile. Aliniita "bab", kama wanavyoitana wenyeji wa hapa, hata siku alizonigombeza. Mimi nilimwita Dada Doreen, naye hakuniuliza kwa nini.

Mimi ni mtu wa Tanga. Kazi niliipata kwa sababu ya Kiswahili, maana miaka ile ya elfu mbili na kitu walikuwa wamekuja Wakongo wengi wa mashariki, na Wasomali waliokulia Kenya, na kila mmoja alikuwa na Kiswahili chake na hakukubali hata kidogo kwamba cha mwenzake ni sahihi. Wa Kongo alinisahihisha mimi, wa Kenya alimsahihisha wa Kongo, na watoto wao walitusahihisha sote kwa Kiingereza. Nilizipenda sana siku zile.

Sasa sikilizeni jambo la pili, ambalo ndilo kubwa. Usimtie mtu maneno kinywani. Ukimwuliza mama wa kwetu, "Uliogopa?" atakujibu ndiyo, kwa sababu umekuja kwake, umekaa, na inaonekana unataka ndiyo. Mwulize alivaa viatu gani. Mwulize mlango ulikuwa upande gani. Halafu nyamaza. Kunyamaza ndiyo sehemu ngumu ya kazi hii, na nyinyi vijana mna tabia ya kusema "waoo" katikati. Acheni.

Nilikwenda mara moja kwa Mama Furaha, mama wa Kikongo pale Erdington, juu ya duka la mazulia. Alianza kwa sala ndefu, nayo nikairekodi yote, maana sala ni sehemu ya mtu. Nilipozima friji akashangaa.

"Sasa mama, ile frigo unazima ya nini? Iko na nyama ya wageni."

Nikamwonyesha funguo zangu, akatulia. Alinisimulia usiku aliovuka ziwa kutoka Uvira na watoto wake, na nilitegemea machozi ya vita. Akaniambia, "Miye sikulia vita, mama. Nililia sandale yangu. Ilibaki kwenye matope, moja tu, na dada yangu akaanza kucheka. Nilimkasirikia mpaka Kigoma." Niliporudi ofisini Doreen aliisikiliza sehemu ile, akavua vifaa vya masikioni. "Umefunga," akasema, akimaanisha mlango. Kisha akanipa somo ambalo ningependa mlishike: hadithi ya kweli karibu kila mara ina kitu kisichomsaidia msimulizi. Mtu anayejitengenezea hadithi hujipa machozi ya maana, hajipi sandale.

Nimewaeleza hayo ili muelewe habari ya Mzee Abdi na seneta.

Mzee Abdi alikuwa Msomali wa Isiolo, mrefu, amevaa kofia ya sufu hata ndani ya nyumba. Alikaa Acocks Green kwa binti yake Halima, karibu na stesheni, na kutoka jikoni kwao ulisikia treni zikipita. Ujana wake alikwenda kusoma Marekani, wakati ule vijana wa Afrika Mashariki walipokuwa wakipata nafasi huko, na jioni aliosha vyombo katika jiko la hoteli kwenye mji mmoja mkubwa wa kaskazini. Nyumbani kwao kulikuwa na hadithi moja iliyojulikana na kila mtu: kwamba usiku mmoja wa mvua, mwaka wa uchaguzi, seneta aliyekuwa akiutafuta urais aliingia jikoni mwa hoteli ile na kunywa chai aliyoipika Mzee Abdi.

Msidhani ni hadithi ndogo. Waandishi wa historia wa Marekani walikuwa wamebishania usiku huo kwa miaka. Wafanyakazi weusi wa hoteli ile walikuwa na madai yao, na wengine walisema seneta alikuja kwa siri akawaahidi kuwasemea kesho yake mbele ya mkutano wa chama chake. Kesho yake hakuwataja. Basi kama alikuja, alivunja ahadi. Wanaomtetea walisema hakukanyaga pale kamwe, kwamba alikuwa kitandani na mafua kwingineko. Na ushahidi wa kwamba alikuja ulikuwa haba kweli: neno la mhudumu mmoja wa mezani, alilolisema uzeeni, naye alikwisha kufa.

Nilimrekodi Mzee Abdi mwenyewe, sisi wawili tu jikoni. Nilimwuliza juu ya sufuria, juu ya sakafu, juu ya iliki aliyofungiwa na mama yake kwenye kipande cha kanga. Alisimulia vizuri, kwa furaha, akinionyesha kwa mikono. Lakini niliporudia kusikiliza, nikagundua jambo. Mwanzo wa hadithi alisema "seneta". Mwisho alisema "seneta". Pale katikati, jiko linawaka, maziwa yanapanda, alisema "yule mtu". Kila mara akiwa mbele ya jiko, ni "yule mtu". Nikaandika pembeni alama ya kuuliza, nikaiacha hapo.

Bahati mbaya mtu mwingine ofisini aliyeandika muhtasari wa orodha yetu hakuiona alama ile. Aliandika kwamba mzee alimpikia seneta chai. Muhtasari ukawekwa kwenye mtandao, na baada ya muda akatokea Profesa Marian, amesafiri kutoka Marekani na begi moja na mafua makali.

Nilimpenda mara tu nilipomwona, nawaambieni ukweli. Alikuwa amelifuatilia jambo hili muda mrefu kuliko ndoa yake ilivyodumu, alisema hivyo mwenyewe. Aliamini kwamba seneta alikuja. Alihitaji shahidi wa pili tu.

Tukaenda Acocks Green, yeye, Doreen na mimi. Halima alikuwa ameandaa kama siku ya Idi: sambusa, wali wa nyama na ndizi mbivu pembeni kama wanavyokula Wasomali, na chai iliyokolea viungo. Profesa alileta maua. Mzee Abdi aliyapokea kwa mikono miwili, akamkalisha kiti kizuri, akamfunika magoti kwa blanketi kwa sababu alikuwa anakohoa. Walizungumza Kiingereza.

Profesa alitoa picha. "Ni huyu?"

"Ndiyo," akasema Mzee, akammiminia chai.

"Alivaa miwani?"

"Ndiyo. Ongeza sukari, binti yangu."

"Na uliwasikia wakizungumza juu ya ahadi?"

"Ndiyo, ndiyo. Kula sambusa, zinapoa."

Halima alikuwa anang'aa kwa fahari. Profesa alikuwa karibu kulia. Mimi nilikuwa nimeshika kipaza sauti na moyo wangu ulikuwa unashuka taratibu, kwa sababu ndiyo zile nilizijua. Nimelelewa nazo. Mgeni ametoka mbali, amechoka, anaumwa, amekuja na maua. Huwezi kumpa hapana chini ya dari lako. Ukimpa hapana umemnyima chakula. Kila ndiyo aliyoitoa Mzee Abdi siku ile ilikuwa sambusa nyingine kwenye sahani ya profesa.

Tuliporudi, Doreen na mimi tulipanda basi namba kumi na moja, lile linalozunguka mji mzima na kukurudisha ulikotoka, kwa sababu yeye alipenda kufikiri humo. Tukaiacha Acocks Green nyuma kabisa.

"Mlango ule haukufunga, bab," akasema.

Nikamweleza habari ya ndiyo. Akanisikiliza, kisha akaniuliza kitu ambacho sikutaka kuulizwa: kitabu kikitoka, watamfanya nini mzee? Nilijua jibu. Wanaomtetea seneta walikuwa wengi na wakali. Wangempigia simu, wangemwuliza swali moja jepesi, ulimjuaje kuwa ni yeye, na Mzee Abdi, akiwa haongei na mgeni wake sasa, angejibu kweli. Basi angeitwa mwongo kwenye magazeti ya nchi mbili, uzeeni, kwa kosa la kuwa na adabu. Niliogopa kwa ajili yake kuliko nilivyowahi kuogopa kwa ajili ya mtu yeyote niliyemrekodi.

Nikampigia Halima. Haikuwa simu nzuri.

"Sasa Mama Rehema, you mean mzee wangu ni mwongo?"

"Sijasema hivyo, mwanangu."

"Hiyo story nimeisikia tangu nikiwa class one. Nimewaambia watu wa msikiti. Watoto wame-present shuleni na mwalimu akawapigia makofi. And now wewe ndio unakuja kuniambia haikuwa?"

"Nakuambia sijui. Na nadhani baba yako naye hajui, ila hakuna aliyewahi kumwuliza mahali ambapo anaweza kusema hajui. Mlete kwetu ofisini."

 Nilisikia treni ikipita kwao. Mwishowe akasema, "Nitamleta. Lakini akiumia, hiyo ni juu yako."

Na hapa ndipo kazi yetu ilipo, vijana. Hatukuhitaji maswali makali zaidi. Tulihitaji nyumba nyingine. Nikawaalika wote ofisini, Mzee na profesa, ili wote wawe wageni na mwenye nyumba niwe mimi. Tuliwapandisha wale wageni ngazi zote zile pole pole, Mzee akimshauri profesa apumzike, profesa akimshauri Mzee apumzike, hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kusimama.

Nilizima friji ya ofisi, nikaweka funguo. Nikamwambia Mzee kwa Kiswahili, "Baba, leo wewe ni mgeni wangu, na huyu mama ni mgeni wangu. Kumkirimu ni kazi yangu, si yako. Na mimi mwenye nyumba sitaki kufurahishwa. Naomba kitu kimoja tu. Hapa chai yetu anapika Dada Doreen, na ni mbaya. Tupikie ile ya hotelini. Usimulie kwa Kiswahili, mimi nitamtafsiria profesa."

Alitazama lile jiko letu dogo la umeme kwa huruma. Akavua koti. Iliki alikuwa nayo mfukoni, anaijua Halima tabia hiyo. Akaanza kupika, na mikono ilipoanza kazi, maneno yakaja kwa mpango wao.

Mvua ilikuwa kubwa, alisema. Mlango wa taka ukafunguliwa, akaingia mtu amelowa chepechepe, koti linadondosha maji kwenye sakafu ambayo yeye Abdi alikuwa ametoka kuipiga deki. Alimkasirikia. Wakubwa wa wafanyakazi wakasimama, wakampeleka stoo, wakafunga mlango. Yeye hakusikia neno. Akaendelea na chai yake ya mapumziko. Yule mtu alipotoka alinusa, akauliza ni nini hiyo. Abdi akampa. Akanywa akiwa amesimama, akaenda kwenye sinki, akaosha kikombe chake mwenyewe, akatoka kwa mlango uleule.

"Wazungu wale hawakuosha kikombe," Mzee alisema. "Sijaona mwingine mpaka nikaondoka nchi ile."

Nilitafsiri. Profesa akatoa picha tena, akaishika bila kuinyoosha. Kwa sauti ndogo akauliza kama ni huyu.

Mkinisikiliza kitu kimoja leo, sikilizeni hiki: sikusema kitu. Doreen hakusema kitu. Maziwa yalipanda, Mzee akatoa sufuria motoni, akaichuja chai, akagawa vikombe, na sote tukanyamaza naye.

"Binti yangu," akasema, safari hii kwa Kiingereza ili amwambie mwenyewe, "kwangu ulikuja na maua na kifua kinakubana. Ningekuambiaje hapana? Mimi huyo mtu sikumjua. Mpishi ndiye aliniambia kesho yake kwamba yule ni seneta. Baadaye niliona picha kwenye gazeti. Kwenye picha hakuwa amelowa. Angeweza kuwa yeye. Angeweza kuwa mtu wa chama tu, au wakili."

Profesa Marian aliitazama picha muda mrefu, akairudisha kwenye begi. Sitasahau alivyofanya baada ya hapo. Alipiga funda la chai, akafumba macho, akasema ni nzuri mno. Kisha akamshukuru Mzee, na ilikuwa shukrani yenye maumivu lakini ya kweli. Akasema sasa ana mhudumu mmoja aliyekufa na mgeni mmoja aliyelowa mvua, na kwamba kitabuni ataandika hivyohivyo: mtu alikuja, kwa mlango wa taka, usiku huo, na shahidi hakumjua. Akaomba ruhusa.

"Andika hivyo," akasema Mzee. "Hiyo naweza kuiapia."

Nilimwona ameshusha mabega, kama mtu aliyetua ndoo. Lakini Halima alikuwa ameinamia kikombe chake. Nilitaka kumshika mkono nikaogopa angeuondoa. Seneta wake alikuwa ameondoka, yule aliyemsindikiza tangu darasa la kwanza.

"So miaka yote hiyo, baba," akasema. "Hata huyo mtu mwenyewe, nitajuaje alikuwako?"

"Alikuwako. Si nimekuambia aliosha kikombe?"

"Aha. Na alikiosha vizuri?" Alikuwa anamchokoza kwa uchungu, mnajua jinsi mtoto anavyomchokoza mzazi.

Mzee Abdi akasita. Akavua kofia yake ya sufu, akaivaa tena.

"Hapana," akasema. "Sukari ilibaki chini. Alizungusha maji tu, akakigeuza. Alipotoka nilikiosha upya."

Nikatafsiri. Doreen aliweka kikombe chake chini na kunitazama, na hakuhitaji kuniambia kwamba mlango umefunga. Katika miaka yote ya kusimulia, hakuwahi kumtajia mtu sukari ile, kwa sababu seneta wa hadithi haachi sukari kikombeni. Halima alianza kucheka. Alicheka mpaka akajifuta machozi kwa ncha ya mtandio, na profesa naye akacheka na kikohozi chake, na Mzee akatutazama sote akishangaa tumepata nini.

"Sasa watoto nitawaambia nini?" Halima akauliza alipopata pumzi. "Walisema ni senator mbele ya class nzima."

Mzee Abdi alinyanyuka, akakusanya vikombe vyetu kimoja kimoja, akavipeleka kwenye sinki.

"Waambie alikuwa mtu," akasema, amefungua maji. "Na waambie alijaribu."